Shajara ya mashine mpya: draiva zinazogoma na vifaa ambavyo Windows haivioni

Mashine ilivyo

Hii mashine ni ya kuhariri video, nimeiunga kipande kwa kipande. Mazabodi ya Intel yenye soketi ya LGA1700, prosesa yenye grafiki zake za ndani, diski ya NVMe (SSD ya kasi), kadi ya video ya PCIe Gen 4 (PCIe ni njia ya kuunga kadi na prosesa, Gen ni kizazi chake) ambayo imesimamishwa wima ndani ya keisi kwa kebo ya raiza, yaani kebo ya kuunga kadi na sloti kwa mbali, iliyokuja na keisi yenyewe, alafu kadi ya waifai ya kuchomeka maana mazabodi haina waifai yake. Imewaka mara ya kwanza, feni zinazunguka, bayosi (programu ya mazabodi inayoamka kabla ya Windows) inasoma ramu yote. Kuunga vyuma sitakuandika humu, hiyo watu wameshaieleza sana. Ninachoandika ni kile kinachofuata, pale vyuma viko sawa lakini Windows haijui ni vyuma gani. Hapo ndo watu wanaanza kubahatisha, mtu anadaunlodi kila kitu chenye jina draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kukitumia kifaa, anabonyeza next next next, kikigoma anafuta Windows anaanza upya, na kinagoma tena palepale. Mi nataka kila ninachoinstoli nijue ni cha chipu gani na kwa nini.

Jumamosi, installer haina diski

Flashi ya Windows 11 imebuti vizuri, nimefika pale pa kuchagua diski ya kuwekea Windows, orodha iko tupu. Narudi kwenye bayosi, diski ipo, jina linasomeka, ukubwa unasomeka. Hiyo tofauti ni ya kuishika kwanza kabla hujagusa bisibisi: kama bayosi inaiona na installer haiioni basi diski haijafa na sloti haijafa, kuna draiva imekosekana hapo katikati.

Kwenye mazabodi za Intel mhusika wa kwanza kumwangalia ni VMD. Ni setingi ya bayosi inayoziweka diski za NVMe chini ya kidhibiti cha RST, mfumo wa Intel wa kusimamia diski, ili uweze kuziunga kwa RAID, yaani diski kadhaa zifanye kazi kama moja. Ikiwa imewashwa, installer inahitaji draiva ya RST ndo iione diski. Njia ziko mbili. Unaweza kuchukua kifurushi cha RST, ukakifungua, ukaweka kwenye flashi ile folda yenye faili la iaStorVD.inf, alafu pale kwenye orodha tupu ubonyeze Load driver na kuionyesha hiyo folda. Au unazima VMD kabisa. Mi nina diski moja, RAID sina haja nayo, nimezima, nikarudi kwenye installer na diski ikajitokeza.

Ila zima KABLA ya kuinstoli Windows. Ukiizima baadaye, Windows iliyozoea kuipata diski kupitia VMD inaamka inaitafuta hukohuko, haiipati, inakupa skrini ya bluu yenye INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, na watu wengi wakifika hapo wanaamini diski imekufa wakati hata data iko salama. Kirudishe kile ulichobadilisha na itawaka.

Jumamosi mchana, mtandao hakuna na Windows inaudai

Windows imeingia, imefika kwenye hatua za mwanzo za kuchagua nchi na kibodi, alafu inataka mtandao na haina pa kuupatia. Kebo ya mtandao imechomekwa, taa za pale kwenye mlango zinawaka, skrini inasema hakuna. Chipu ya mtandao ya mazabodi hii ni ya 2.5G na ni toleo jipya kuliko flashi niliyotengenezea, kwahiyo draiva yake haimo. Kadi ya waifai nayo hivohivo.

Njia rahisi kuliko zote ni simu. Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, washa ile ya kugawa intaneti kwa USB, Windows ina draiva ya hiyo kitu tangu zamani na inaichukua kama kadi ya mtandao. Simu yenyewe inaweza kuwa iko kwenye waifai ya nyumbani, sio lazima ule bando. Hii peke yake ingenitosha lakini nilikuwa nimeshaandaa draiva kwenye flashi ya pili nikataka kufanya kwa njia ya komandi, maana ndo njia inayokuonyesha nini kinatokea.

Bonyeza Shift na F10 kwa pamoja, dirisha la komandi linafunguka hapohapo katikati ya hatua za mwanzo. Alafu:

pnputil /add-driver E:\lan\*.inf /subdirs /install

E ni herufi ya flashi, yako inaweza kuwa nyingine. pnputil inapita kwenye folda yote, kila faili la inf inalolikuta inaliingiza kwenye ghala la draiva la Windows, na kama kuna kifaa kinacholingana nalo inakiwekea palepale. Mtandao ukaja hata bila kuristati.

Sasa kuna jambo dogo hapa linawakwamisha sana watu. Draiva ukiidaunlodi kwenye tovuti ya mazabodi mara nyingi inakuja kama exe, na exe inataka kuinstoli programu, sijui dirisha la kufuatilia mtandao, sijui huduma ya kujiapdeti, na hapo kwenye hatua za mwanzo haifanyi kazi vizuri. Draiva yenyewe sio exe. Draiva ni lile faili la inf na wenzake wa sys na cat. Kifungue kile kifurushi kwa 7-Zip, tafuta folda yenye inf, hiyo ndo uiweke kwenye flashi. Na ukiwa na wasiwasi kama ni ya chipu yako, lifungue inf kwa Notepad. Ni maandishi ya kawaida kabisa, unatafuta namba ya chipu yako ndani, kama haimo basi hiyo draiva hata ukiiinstoli mara mia haitaishika chipu yako. Mi naona hili ndo jambo moja ambalo kila anayeunga mashine angelijua, mambo mengi yangeisha hapo.

Jumamosi usiku, alama za njano

Nimefungua Device Manager, ile orodha ya Windows ya vifaa vyote vya mashine. Vifaa kadhaa vina alama ya njano, vingine vimeandikwa Unknown device tu. Badala ya kubonyeza kimoja kimoja nimeandika:

pnputil /enum-devices /problem

Inatoa orodha ya vifaa vyote vyenye shida pamoja na vitambulisho vyao. Kitambulisho ni kama namba ya gari, jina linaweza kuandikwa vyovyote lakini namba haidanganyi. Kwa vifaa vya PCI kinakaa hivi: PCI\VEN_xxxx&DEV_xxxx. VEN ni mtengenezaji wa chipu, DEV ni chipu gani. Chache za kukariri: 8086 ni Intel, 10EC ni Realtek, 10DE ni NVIDIA, 1002 ni grafiki za AMD na 1022 ni AMD upande wa prosesa na chipseti, 14C3 ni MediaTek. Kwa mfano ukiona VEN_10EC&DEV_8125 hiyo ni kadi ya mtandao ya Realtek ya 2.5G, hata kama Windows imeiita Ethernet Controller tu bila jina.

Vyangu vingi vilikuwa 8086. SM Bus Controller inaondoka ukiinstoli kifurushi cha chipseti, yaani chipu kuu ya mazabodi inayounganisha vifaa vingine. PCI Simple Communications Controller ni Management Engine ya Intel, kijikompyuta kilicho ndani ya chipseti, ina draiva yake peke yake. Kwa hiyo nimeanza na chipseti, nikaristati, nikaweka Management Engine, nikaristati, na alama nyingi zimekwisha. Huwa naanza na chipseti maana baadhi ya vifaa vingine vinakaa juu yake, ukianza na vya juu Windows inaweza isijue hata majina ya njia wanazopitia.

Pembeni kidogo kuhusu tarehe. Ukiangalia draiva za chipseti za Intel utakuta zimeandikwa tarehe 18 Julai 1968. Usishtuke ukaanza kutafuta mpya. Hiyo ni siku Intel ilipoanzishwa, wameiweka makusudi. Na zile zinazokuja ndani ya Windows yenyewe nyingi zina tarehe 21 Juni 2006, nayo makusudi. Windows inapochagua kati ya draiva mbili zinazolingana kwa mengine yote, inaangalia tarehe kwanza alafu ndo namba ya toleo, kwahiyo tarehe ya zamani inaifanya draiva ya jumla ikae nyuma na kuipisha ile maalum ya kifaa. Zile programu za kuapdeti draiva zinaiona hiyo 1968 au 2006 zinakupigia kelele kwamba draiva yako imechakaa, na mtu anaingiza kitu kisichohusika kwenye mashine iliyokuwa nzima. Mi siziweki kabisa. Kitambulisho na tovuti ya mtengenezaji vinatosha.

Jumapili asubuhi, sauti

Kifurushi cha sauti cha Realtek kinainstoli mpaka mwisho bila malalamiko, ukiristati sauti hakuna, kifaa bado kina alama. Nimeangalia kitambulisho, hakianzi na HDAUDIO, kinaanza na USB\VID_. Kumbe kodeki (chipu ya sauti) ya mazabodi hii ni ALC4080, na hiyo imeungwa kwenye mazabodi kwa USB ndani kwa ndani, sio kwa ile njia ya kawaida ya HD Audio. Zote ni Realtek, zote ni sauti, lakini vifurushi ni viwili tofauti. Nimechukua kile cha USB na muziki unaimba. Dakika chache tu, na bila kuangalia kitambulisho ningeweza kukaa nalo wiki.

Jumapili, Bluetooth haipo hata kwa jina

Waifai imekubali mara moja. Bluetooth kimya. Na hapa nataka tofauti hii ieleweke maana ndo kiini cha kila kitu ninachoandika: Bluetooth haina alama ya njano. Haina kosa namba 28, ambalo ndo lile la kusema draiva haijainstoliwa. Haina Unknown device. Haipo. Kifaa kisichoonekana kabisa huwezi kukitatua kwa draiva, hakuna cha kuishika hiyo draiva. Draiva za Bluetooth unaweza kuinstoli za aina zote na hakuna kitakachobadilika.

Kadi za waifai za kuchomeka kwenye sloti ya PCIe zina njia mbili. Waifai inapita kwenye PCIe, Bluetooth inapita kwenye USB, na hiyo USB inatoka kwa kakebo kembamba kanakotoka kwenye kadi mpaka kwenye pini 9 za USB 2.0 zilizo kwenye ukingo wa chini wa mazabodi. Nimefungua keisi nikakuta kichwa cha hiyo kebo kimekaa upande, kebo za mbele za keisi zimekisukuma. Nimezima umeme, nikakikandamiza sawasawa, nikazipitisha zile nyingine upande wa pili. Kuwasha tu Device Manager ikatoa kifaa kipya, USB\VID_8087, ambayo ni Intel, na draiva ikaja yenyewe.

Jumapili jioni, kadi ya video na kosa namba 43

Hili ndo lililonikalisha. Draiva ya kadi ya video inainstoli, katikati skrini inakuwa nyeusi kama kawaida, inarudi, inasema imefanikiwa. Naristati, nembo ya Windows inaonekana, alafu giza. Nimehamishia waya wa skrini kwenye mlango wa mazabodi ili nitumie grafiki za prosesa, nikaingia, kadi ya video ina alama ya njano na kosa namba 43, yaani Windows imeisimamisha kwa sababu imeripoti matatizo. Nikiingia kwa Safe Mode, ile ya kuwasha Windows na vitu vya lazima tu, kadi ipo na haina neno, lakini hapo inaendeshwa na draiva ya msingi tu ya Microsoft.

Kila mtu akisikia 43 jibu la kwanza ni futa draiva kwa DDU (programu ya kung'oa draiva za kadi ya video kabisa) kwenye Safe Mode, weka upya. Nimefanya, na mtandao nimeutoa kwanza ili Windows Update isijiingizie toleo lake hapo katikati. Matokeo yaleyale. Nimeweka toleo la nyuma, yaleyale. Basi nikaacha kuinstoli, nikaenda kusoma.

Faili la kusoma liko C:\Windows\INF na linaitwa setupapi.dev.log. Kila draiva inayoinstoliwa inaandikwa humo hatua kwa hatua, ni inf gani imechaguliwa, kwa kifaa gani, na mwisho wake umekuwaje. Ni refu, lakini anzia chini, tafuta VEN ya kadi yako. Ya kwangu mwisho wa kila sehemu imeandikwa Exit status: SUCCESS. Kila mara. Hapo ndo mambo yaligeuka, maana kama kuinstoli kumefanikiwa kila mara basi shida sio kuinstoli, draiva inaingia vizuri na kinachovunjika kinavunjika inapoanza kuifanyisha kadi kazi.

Nikafungua Event Viewer, kumbukumbu ya matukio ya Windows, upande wa System. Imejaa WHEA-Logger (ndo inayoandika makosa ya vyuma), tukio namba 17, makosa ya vyuma yaliyosahihishwa, na sehemu iliyotajwa ni PCI Express Root Port. Yapo mengi kabisa kwenye muda uleule ambao skrini ilikuwa inaingia giza. Hiyo ni njia kati ya prosesa na kadi ndo inalalamika. Na kwenye hiyo njia kuna kitu kimoja tu cha ziada, kebo ya raiza.

Nimesoma maandishi kwenye kebo yenyewe, ni ya Gen 3. Kadi ni Gen 4, sloti inakubali Gen 4, bayosi iko Auto, kwahiyo hizo mbili zinapatana kwenda kasi ya Gen 4 bila kujua kwamba katikati yao kuna waya usioiweza. Gen 3 ni GT 8 kwa sekunde, yaani mipigo bilioni 8 ya data, kwa kila njia, Gen 4 ni 16. Raiza haina chipu yoyote ya kusema mimi ni ya Gen ngapi, ni waya tu, hakuna wa kuwaonya. Kadi ikiwa na kazi ndogo tu, ya kuonyesha skrini ya bayosi, inavumilia, draiva kamili ikiamka na kuipandisha kasi ndo makosa yanamiminika.

Kwanza nilitaka uhakika, nikaichomoa raiza, kadi nikaichomeka moja kwa moja kwenye sloti. Imewaka, 43 hakuna, WHEA hakuna. Alafu nikairudisha raiza, nikaingia bayosi, sloti ya kwanza ya PCIe nikaitoa Auto nikaiweka Gen 3. Imewaka, 43 hakuna, Event Viewer safi. Draiva ni ileile niliyokuwa nainstoli tangu mwanzo.

Kwa kadi inayotumia njia zote 16 za sloti ya PCIe, kuwa Gen 3 sio hasara kubwa, bado ni karibu GB 16 kwa sekunde kila upande, na kwa kazi ya kuhariri sijaona tofauti. Ila kadi zenye njia 8 tu tofauti inaweza kuonekana zaidi, mwenye nayo bora anunue raiza ya Gen 4 au asiisimamishe wima.

Jumatatu, kifaa cha zamani

Kuna kifaa cha kurekodi sauti cha USB cha miaka mingi, draiva yake ya mwisho ni ya enzi za Windows 7. Kinatoa kosa namba 52, sahihi ya draiva haithibitiki. Maelekezo yanayozunguka ni kuzima ukaguzi wa sahihi na kuzima Memory integrity kwenye Core isolation, kinga ya Windows dhidi ya draiva mbaya. Sitafanya. Draiva inakaa kwenye kiini cha mfumo na inaweza kufanya chochote kwenye mashine nzima, tangu Windows 10 toleo la 1607 draiva mpya za huko ndani zinatakiwa kupitia Microsoft zisainiwe, na hicho ni kinga ya mwenye mashine. Kifaa kinabaki kwenye kompyuta ya zamani kinakofanya kazi vizuri, mafaili yatahamishwa kwa mtandao.

Jumatatu usiku

Device Manager haina alama yoyote. Kabla sijaweka programu nyingine nimetoa nakala ya draiva zote za watengenezaji zilizoko ndani:

pnputil /export-driver * E:\draiva

Folda inatakiwa iwepo kabla, vinginevyo inagoma. Siku Windows ikihitaji kuwekwa upya, komandi ileile ya kuongeza draiva niliyotumia Jumamosi inazirudisha zote kwa mkupuo, mtandao ukiwemo. Pembeni ya hiyo folda nimeandika faili dogo la maandishi: VMD imezimwa, sloti ya kwanza ya PCIe iko Gen 3 kwa sababu ya raiza, sauti ni ALC4080 ya USB. Bayosi ikiapdetiwa setingi zake huwa zinarudi za kiwandani, na VMD ikijiwasha tena au sloti ikirudi Auto, atakayekuwa ameketi mbele ya hii mashine atajua pa kwenda kuangalia.

Kilichobaki ni kuipa mradi mrefu wa video iukokotoe usiku kucha, asubuhi nifungue Event Viewer nitafute tukio namba 17.